Wanafunzi wa uuguzi tukutane hapa: ile 20 uliyoandika kwenye chati umeihesabu?

Zamu ya Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Nimefanya kazi na wanafunzi wa uuguzi wodini kwa miaka kadhaa sasa. Leo asubuhi wakati wa kukabidhi zamu nimekuta kitu kilichonirudisha mpaka mwaka wangu wa pili chuoni. Chati ya vitanda kumi na viwili. Joto tofauti, presha tofauti, mapigo tofauti. Ukija kwenye safu ya upumuaji: 20, 20, 20, 20, mpaka chini. Wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya.

Aliyeandika sikumfokea. Ningemfokea kwa mdomo upi?

Mwaka wa pili nilipangiwa wodi ya magonjwa ya ndani. Nilikuwa na daftari la vitendo, lile lenye kurasa za kusainiwa: kuweka mpira wa mkojo, kuchoma sindano ya msuli, kusafisha kidonda, kulisha kwa mpira wa puani. Kila asubuhi naingia wodini kama mtu anayedai madeni. Nikisikia "kitanda cha tano anawekwa mpira", mbio. Vipimo vya asubuhi kwangu vilikuwa kero iliyokaa kati yangu na saini. Joto, kuna kipimajoto. Presha na mapigo, mashine inakutajia yenyewe. Pumzi ndiyo ilikuwa haina mashine pale, inabidi usimame uhesabu. Basi naandika 20. Nani atabisha? Mtu mzima anatakiwa awe kati ya pumzi 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo 20 ni namba ya amani.

Kitanda cha tisa alikuwepo mzee mmoja, nimonia, siku ya tatu. Mcheshi kweli. Nilipompima alinitania kuhusu viatu vyangu, nikacheka, nikaandika 20, nikasogea cha kumi. Haikupita nusu saa sista inchaji akapita na kusimama miguuni pa kile kitanda. Hakumgusa mgonjwa. Alitazama kifua, akatazama saa yake, akatazama kifua. Dakika nzima, mimi nimeshika troli nisijue niende au nibaki. Kisha akaniuliza, "Umeandika ngapi?" Ishirini, sista. "Hesabu."

Nikahesabu. Zikafika 34.

Na nilipokuwa nahesabu ndipo nikaona mengine ambayo yalikuwepo muda wote. Vishimo vya juu ya mtulinga vinaingia ndani kila akivuta hewa. Matundu ya pua yanapanuka. Na ule utani wake, kumbe alikuwa anautoa maneno matatu matatu, anapumzika, maneno matatu tena. Mimi nilisikia utani tu.

Aliwekewa oksijeni, daktari akaitwa, akahamishiwa kitanda cha karibu na meza yetu, na baadaye alitoka kwa miguu yake. Sista hakuniandikia ripoti. Alinipa adhabu moja: wiki ile nzima nihesabu pumzi za wodi yote, kila mgonjwa dakika kamili, na nisiguse kazi nyingine. Daftari halikupata saini hata moja.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba fiziolojia ya upumuaji nilikuwa nimefaulu vizuri. Ungenipa chaki ningekuchorea kwa nini hewa chafu ikizidi kwenye damu ubongo unaamuru mtu apumue haraka. Nilijua kwamba mgonjwa anapoanza kuharibikiwa, pumzi mara nyingi hubadilika kabla presha haijashuka. Yote hayo niliyaacha darasani yakiwa na alama zake nzuri, nikaingia wodini na kalamu. Wengi mnahangaika kutafuta namna ya kuunganisha darasa na wodi. Mimi nasema mlango wa kwanza ni ile safu mnayoijaza kwa kubuni.

Karibuni. Maswali, ushuhuda, hata matusi ya kistaarabu.

Kanula ya Pinki

Nimesoma huku najificha. Tena mimi huwa nabadilisha kidogo, 18, 20, 22, 18, ili chati ionekane ya kweli. Kumbe kuna watu wanatusoma.

Zamu ya Usiku

@Kanula ya Pinki tunawasoma. Hata anayehesabu kweli tunamsoma: ukiona 16, 20, 24, 28, ujue huyo amehesabu sekunde 15 akazidisha kwa nne. Akikosea pumzi moja, kwenye chati zinakuwa nne. Mzee wangu wa 34 kwa hesabu hiyo angeandikwa 32 au 36, na hapo ni kama ana bahati. Mgonjwa mwenye pumzi zisizo na mpangilio, anayepumua haraka halafu anatulia kabisa, ndani ya sekunde 15 unaweza kukuta yupo kwenye kutulia. Utaandika 8 wakati dakika nzima ingekupa picha nyingine.

Mwaka wa Kwanza B

Shikamooni. Naomba kuuliza bila kuchekwa. Nikimwambia mgonjwa "nahesabu pumzi zako", anaanza kupumua kama yuko kwenye mazoezi ya jeshi. Nifanyeje?

Mama wa Doli (mkufunzi mstaafu)

Marahaba mwanangu, hakuna wa kukucheka. Usimwambie. Shika kiwiko cha mkono uhesabu mapigo, ukimaliza usiachie. Endelea kushika vilevile, macho yahamie kifuani, yeye anajua bado uko kwenye mapigo. Kama amejifunika shuka nene, mkono wake uweke juu ya kifua chake huku umeushika, utaona unapanda na kushuka. Mtoto mdogo tazama tumbo, na umwahi kabla hajalia, maana akishalia hesabu hiyo imekufa. Kuvuta na kutoa ni pumzi moja. Kuna wanaohesabu mbili, nimewakuta mpaka mwaka wa tatu.

Na hiyo presha ya mashine msiiamini kama maandiko. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unakupa presha ya juu ambayo haipo. Kuufunga juu ya sweta vilevile ni kujidanganya. Mkono uegemee kitu usawa wa moyo, usining'inie. Mgonjwa akianzishiwa dawa ya presha kwa sababu ya mkanda mbaya, nani atajibu?

Zamu ya Usiku

Sista, pale juu nadhani ulimaanisha kifundo cha mkono, siyo kiwiko, ingawa na kiwikoni mapigo yapo.

Mama wa Doli

Kifundo, ndiyo. Umri. Asante kwa kunisahihisha mbele za watu.

Daftari Tupu

Wakuu, naheshimu ushuhuda wa mtoa mada, lakini mnaongea kama watu mlioshiba. Niko mwaka wa tatu. Bila saini zote sikai kwenye mtihani wa mwisho, na hiyo sheria sikuitunga mimi. Wodini tupo wanafunzi kumi na tano, mgonjwa wa kuwekewa mpira mmoja, tunamzunguka kama nzi mpaka anaona aibu. Juzi zamu nzima nimepeleka sampuli maabara mara sita, nimefuata matokeo mara nne, nimebeba mtungi, nimetafuta faili. Niliporudi kidonda kilishasafishwa, na mwenzangu ndiye aliyesainiwa. Halafu niambiwe nisimame dakika nzima mara vitanda ishirini? Hizo ni dakika ishirini. Nani ananipa?

Kanula ya Pinki

Daftari Tupu kasema yaliyo moyoni mwangu. Hasa hapo kwenye sampuli.

Mama wa Doli

Mwanangu Daftari, hasira yako ina haki, na ni ya zamani kuliko mimi. Florence Nightingale shule yake pale hospitali ya St Thomas', London, ilianza mwaka 1860. Baadaye hospitali nyingi zikaiga, na zikagundua kwamba mwanafunzi ni mkono wa bei nafuu. Anaosha, anafuta, anabeba, na mafunzo yatapatikana kama muda utabaki. Ugomvi wa kama mwanafunzi yuko wodini kujifunza au kuziba pengo haujaisha tangu hapo. Sitakudanganya kwamba utaumaliza wewe.

Lakini nikuambie nilivyokuwa nikisaini, maana nimesaini maelfu. Anakuja mwanafunzi, "Sista naomba unisainie mpira wa mkojo." Sikuwa namuuliza hatua. Hatua kila mtu amekariri. Nilikuwa namuuliza: umetoka mkojo kiasi gani, una rangi gani, na jana huyo mgonjwa alipata kiasi gani? Asiyejua, kwangu huyo ameingiza mpira na hajamhudumia mtu. Mtu mzima akitoa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, figo zinakuita. Kilo 60, ni mililita 30 kwa saa. Yaani unaweka mpira ili upate ile namba. Mpira wenyewe hata doli la mazoezi nililoliacha chuoni linawekewa.

Na hizo safari za maabara: umepeleka sampuli za nani? Za nini? Ukirudi na matokeo, yasome njiani. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa 5 ni ya chini mno; ukiibeba kama bahasha, umetumwa. Ukiisoma na kuingia wodini na kusema "sista, kitanda cha pili ni 5", umefanya uuguzi. Viatu vitachakaa sawa.

Daftari Tupu

Hiyo ya kusoma njiani nimeipokea. Mengine bado nabisha.

Zamu ya Usiku

Bisha tu, uzi una nafasi. Ila kuhusu dakika ishirini: hakuna aliyesema umsimamie mtu kimya bila kufanya kingine. Ile dakika ndiyo unaona kama vidole vya miguu vimevimba, kama dripu imesimama, kama chakula cha jana bado kipo pembeni. Ile wiki ya adhabu nilifahamu wodi kuliko miezi yote ya kukimbizana.

Usingizi Mwepesi

Nachepusha kidogo. Nina mpango wa uuguzi wa kuwasilisha na mkufunzi ameurudisha mara mbili, kazungushia wino mwekundu. Mgonjwa wangu ana nimonia. Utambuzi wa kiuguzi nimeandika "nimonia". Lengo nimeandika "mgonjwa atapumua vizuri". Kosa liko wapi? Nimenakili kwa kaka mmoja aliyemaliza, na yeye alifaulu.

Mama wa Doli

Huyo kaka alisahihishiwa na mtu mwenye usingizi. Nimonia ni utambuzi wa daktari, dawa yake ataandika daktari. Wewe muuguzi unatibu nini hapo? Andika tatizo unaloweza kulishika, chanzo chake, na ushahidi uliouona mwenyewe. Tumchukue mzee wa kitanda cha tisa: "Njia ya hewa haisafishiki vizuri kutokana na makohozi mazito, inavyoonekana kwa kupumua mara 34 kwa dakika, kukohoa bila kutoa kitu, na kuongea kwa kukatakata maneno."

Umeona ile 34 inavyofanya kazi? Ungekuwa umeandika 20 usingekuwa na mpango wowote, ungekuwa na insha.

Lengo nalo lipimike. "Atapumua vizuri" nani atahukumu? Andika "ndani ya saa 4 atakohoa na kutoa makohozi mwenyewe, na pumzi zitakuwa chini ya 24". Halafu hatua zako: kumkalisha nusu wima, kumfundisha kukohoa, kumpa maji ya kunywa kama hajakatazwa, kumgeuza, kumpima tena. Baada ya saa 4 rudi ukaone. Ikiwa 30, andika 30 na ubadilishe mpango. Wanafunzi wanaogopa kuandika kwamba lengo halijafikiwa, kumbe hapo ndipo alama zilipo.

Usingizi Mwepesi

Sista umenifanyia kazi yote. Ubarikiwe.

Mama wa Doli

Nimekufanyia ya mzee. Wako ana mambo yake, kamtazame.

Kikokotoo

Wakati tuko kwenye namba, nani ananisaidia matone? Lita 1 ya dripu, iende saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Nimepata matone 2,500 kwa dakika. Jibu la kitabu ni 42.

Kanula ya Pinki

2,500 😂 hiyo siyo dripu, ni mafuriko.

Zamu ya Usiku

Msimcheke, kajitokeza. @Kikokotoo umegawanya kwa 8, na 8 ni saa, wewe unatafuta matone kwa dakika. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya: 41.67, kwa kuwa hakuna tone la theluthi mbili, 42. Kisha fanya ambacho kikokotoo hakiwezi: jiulize kama jibu linaingia akilini. Matone 42 kwa dakika unaweza kuyaona kwa macho yakidondoka. 2,500 ni arobaini na zaidi kila sekunde.

Watoto ndiyo msicheze kabisa. Mtoto wa kilo 12, paracetamol miligramu 15 kwa kilo: 180. Chupa inasema miligramu 120 ndani ya mililita 5. 180 gawanya kwa 120 mara 5, ni mililita 7.5. Hiyo nukta ikipotea unampa 75. Kwa hiyo chini ya moja weka sifuri mbele, 0.5, na namba nzima usiiwekee sifuri nyuma, andika 5 na si 5.0. Nukta ikifutika kwa jasho la kidole, mtoto anapata mara kumi. Na mpe mwenzako ahesabu upya bila kumwonyesha jibu lako. Ukimwonyesha, atakubali tu.

Kikokotoo

Asante mkuu. Dakika 480. Nimeiandika ukutani.

Sindano Butu

Naombeni msaada wa haraka, naandikia hapa maana naogopa kusema. Leo mchana nimejichoma na sindano niliyotoka kumchoma nayo mgonjwa, nilikuwa nairudishia kifuniko. Damu ilitoka kidogo tu. Nimeosha. Nikisema nitaambiwa ni mzembe na daftari langu halitasainiwa. Nisubiri?

Zamu ya Usiku

Usisubiri. Funga simu, nenda kwa msimamizi wa zamu sasa hivi, ukimkosa nenda mapokezi ya dharura. Dawa za kinga ya virusi vya UKIMWI zinafaa zikianza mapema, saa za mwanzo ni bora zaidi, na mwisho ni saa 72. Uliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka? Vizuri. Usikamue kidonda. Mgonjwa naye anaombwa ridhaa apimwe. Utaulizwa pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B, kama hukumaliza dozi sema hivyo. Hiyo inaambukizwa kwa sindano kwa urahisi kuliko virusi vya UKIMWI, ambavyo kwa kuchomwa mara moja na sindano ya mgonjwa mwenye virusi huwapata kama watu 3 katika 1,000. Saini tutaiongelea kesho.

Mama wa Doli

Mwanangu, nami nilijichoma, na nilikuwa tayari nafundisha. Nenda. Kifuniko hakirudishwi, sindano inaingia boksi kama ilivyo, na boksi likae karibu na mkono wako kabla hujachoma. Lakini hayo ni ya kesho pia. Nenda.

Sindano Butu

Nimetoka sasa hivi. Nimepimwa, nimeanza dozi ya siku 28. Sista wa zamu hakunifokea. Kanikalisha, kanipa maji, kajaza fomu yeye mwenyewe. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Kanula ya Pinki

Afadhali. Pole sana. Hizo dawa kichefuchefu ukikipata usiache mwenyewe, rudi uwaambie.

Mwaka wa Kwanza B

Pole dada/kaka. Swali langu la mwisho: nikiona kitu kibaya usiku na daktari yuko mbali, namwambiaje kwa simu? Mimi huwa nasema "daktari mgonjwa amebadilika", ananiuliza amebadilikaje, nakwama.

Zamu ya Usiku

Hali, historia, tathmini, ombi. Kwa mpangilio huo, na faili mkononi. "Naitwa fulani, mwanafunzi wa uuguzi, niko na sista fulani. Mgonjwa kitanda cha tisa anapumua mara 34, asubuhi alikuwa 22. Ana nimonia, siku ya tatu. Oksijeni kwenye damu ni asilimia 88 bila msaada, anaongea kwa kukatakata. Nadhani anachoka. Naomba uje umwone." Wengi wanasimulia vizuri halafu mwisho wanakaa kimya, wanamwachia daktari akisie wanataka nini. Omba. Ila kwa mwaka wa kwanza, anza kumwamsha sista wako. Hata kama amelala kidogo. Hasa kama amelala kidogo.

Daftari Tupu

Nimerudi baada ya siku nne. Nimejaribu, kwa kubisha. Leo mama mmoja kitanda cha pili nimehesabu 26. Nikahesabu tena, 27. Nikakimbia kwa inchaji. Akaja, akamtazama, akamuuliza, kumbe mama ndiyo alikuwa ametoka kuoga kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya dakika kumi, 18. Wenzangu wamecheka mpaka chai. Nimejisikia mjinga.

Zamu ya Usiku

Uliandika ipi?

Daftari Tupu

Zote. 27 na saa yake, "ametoka kuoga", na 18 na saa yake.

Zamu ya Usiku

Inchaji alisemaje?

Daftari Tupu

Hakusema. Alichukua daftari langu, akafungua ukurasa wa vipimo vya msingi ambao sikuwa nimeutilia maanani kabisa, akasaini. Wa mpira bado mtupu.

Mama wa Doli

Hiyo 27 nimeipenda. Haigawanyiki kwa nne.